Kufikisha chambo cha papa kwenye kina ukiwa umesimama mchangani: mwongozo wa pwani ya Mtwara na Lindi

Anayeanza kuvua papa akiwa ufukweni huwa na swali moja kichwani: nitarushaje mbali zaidi? Ananunua fimbo ndefu, anafunga chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) zito, anazungusha mkono mpaka bega linamuuma, na chambo kinaangukia pale pale mawimbi yanapovunjika. Chambo cha papa hakikuumbwa kurushwa. Kipande cha samaki sehewa cha nusu kilo ni kizito, ni laini na kinakamata upepo. Ukikirusha kwa nguvu zote kinachanika kwenye ndoana kikiwa hewani, na hata kikishikilia ni bahati kikifika mita 40. Chubwi tupu la gramu 150, kwa mkono uliozoea, linapita mita 100. Kwa hiyo achana na habari ya kurusha chambo. Kipeleke. Tena kipeleke wakati bahari yenyewe inatoka, maana huku kwetu kuna saa ambapo maji na upepo vinaelekea upande mmoja, na saa hiyo hata mtoto anafikisha chambo mbali.

Jambo la pili la kuweka sawa mapema: tunatafuta kina, mita ni njia tu. Papa anayekuja karibu na nchi kavu anapita kwenye ukingo, pale mchanga unapodidimia, kwenye mfereji ulio nyuma ya mawimbi, au kwenye mlango ambamo maji ya ghuba hutokea yakiwa na harufu za kila kitu. Msimbati na Ruvula bahari inazama karibu sana na mchanga, hivyo umbali mdogo unatosha. Ghuba ya Lindi upande wa Kitunda, au sehemu kubwa ya Mikindani, maji yakipwa unabaki na uwanda mrefu wa matope na nyasi za bahari, na hapo mita 100 bado uko kwenye maji ya magotini. Anayekuambia chambo kinatakiwa kiende mita 300 bila kukuuliza unavulia wapi, msikilize kwa adabu kisha ufanye yako.

Kwanza ruhusa

Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukitaka kuvua humo pitia ofisi ya hifadhi, ulipe kinachotakiwa na uoneshwe ni wapi kuvua kwa mshipi, yaani uzi na ndoana, kunaruhusiwa. Kwingineko muone ofisa uvuvi wa halmashauri kwa ajili ya leseni, na BMU ya kijiji, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi. Hao wa BMU usiwapite hata kama leseni iko mfukoni. Ndio wanaojua nyavu za jarife, zile kubwa za kutega, zimetegwa wapi usiku huo, na mshipi wako ukinasa kwenye jarife la mtu hutavua tena ufukwe ule.

Usitege mbele ya mahali watu wanapooga, wala kwenye njia ya kivuko, iwe MV Kitunda kule Lindi au kile kinachovuka kwenda Msanga Mkuu. Kuweka harufu ya damu mahali watoto wanapochezea hakuna maelezo ya kuitetea.

Soma bahari ikiwa imepwa

Nenda siku ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, kwenye saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekimbia kabisa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huku inapita mita 3 siku za bamvua, kwa hiyo yale yaliyokuwa siri yanakaa wazi: mifereji, mashimo, vichwa vya matumbawe, na ule mstari ambapo rangi ya maji inageuka kutoka kijani cheupe kuwa bluu iliyokolea. Angalia pia ngalawa zinaingilia wapi. Hakuna nahodha anayepita penye maji haba wakati pana mlango.

Ukishaona mahali unapotaka chambo kilale, chukua alama kama wanavyofanya wavuvi wa mshipi: tafuta vitu viwili nchi kavu vinavyopangana mstari mmoja, mnazi uliopinda na paa la bati nyuma yake, kisha viwili vingine upande mwingine. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo. Kama utategea gizani, mojawapo iwe taa ambayo una uhakika haizimwi usiku.

Halafu pima kina. Omba kupakiwa ngalawa, chukua kamba yenye chubwi na mafundo kila pima moja (mikono ukiinyoosha ni kama mita 1.8), na chini ya chubwi pachika kipande cha sabuni ya mche iliyolowa. Ukilishusha mpaka chini na kulipandisha, sabuni inakuja na kile kilichopo huko: chembe za mchanga, matope meusi, au inakuja imekwaruzwa bila kitu, na hapo ujue ni mwamba au matumbawe. Unatafuta mchanga wa pima 3 au zaidi maji yakiwa yamepwa. Penye matumbawe hama, hata kama ni pazuri. Papa akikimbia na mshipi ukasuguana na jiwe, umempoteza, na yeye ameondoka na waya mdomoni.

Chagua saa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopuuza.

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji katika pwani yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni, halafu yanapwa mpaka saa nne hivi. Sasa weka upepo juu yake. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, hewa inaanza kuteremka kuelekea majini, na kufikia alfajiri unao umande, upepo wa bara, unaokupiga mgongoni ukiwa umeangalia bahari. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, umande unakuwa na nguvu ya kutosha kujaza tanga. Unadumu mpaka jua linapopanda, kisha unakata, na baada ya saa nne upepo wa baharini unashika zamu.

Unaona zinavyokutana? Alfajiri ya bamvua maji yanatoka na upepo unatoka. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili asubuhi una saa tatu ambazo chochote kinachoelea kinakwenda nje chenyewe. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, maji yakijaa na kupwa kidogo, mambo yanageuka. Maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kuanza kutoka mchana, na mchana upepo unakurudishia kila kitu usoni. Siku hizo tumia ngalawa au lala nyumbani.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, umande usiutegemee sana. Unaweza kuamka ukakuta kimya kabisa, jani la mnazi halitikisiki. Maji yatabeba peke yake, taratibu.

Kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Tumia jedwali la maji la bandari ya Mtwara au programu ya simu, lakini ghuba ndefu kama ya Lindi huchelewa kidogo ukiwa ndani, kwa hiyo chomeka kijiti mchangani uone mwenyewe maji yamegeuka lini.

Funga mshipi wenye sehemu dhaifu mahali unapotaka ukatike

Rili iwe na mshipi wa kutosha. Hesabu yangu ni hii: umbali wa chambo mara mbili, kisha ongeza mita 200 za papa kukimbilia. Chambo kikikaa mita 150, rili ibebe mita 500. Nailoni ya unene wa mm 0.6 au 0.7 inafaa. Uzi wa kusokota hubebwa kidogo na mkondo na huingia mwingi kwenye rili, ila ukigusa jiwe umekwisha, na ukipita kwenye kidole kidole kinakwisha. Weka alama kila mita 50 kwa uzi wa rangi, fundo dogo lisilokwaruza pete za fimbo. Usiku vidole ndivyo vinavyosoma.

Mwisho wa nailoni funga kipande kinene cha mm 1.5 hadi 2, urefu wa mita 4 au 5. Ngozi ya papa ni msasa, na zamani mafundi seremala waliitumia hivyo hasa. Akijizungusha kwenye mshipi mwembamba kwa mgongo au mkia, unakatika bila jino kugusa. Baada ya hapo swiveli, kile kifundo cha chuma kinachozunguka, kisha waya wa mita moja na nusu na ndoana. Ndoana iwe ya duara, ile iliyojikunja ncha kuelekea ndani, kwa sababu mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo na ni nadra kushuka tumboni. Iwe ya chuma kinachoshika kutu, na kijino chake ukibane kwa koleo. Ndoana ya chuma kisichopata kutu ikibaki kwenye papa inabaki miaka.

Chubwi halikai kwenye mshipi mkuu. Linaning'inia kwa kipande cha nailoni nyembamba, mm 0.3, urefu wa shubiri moja. Likinasa, kinakatika kile tu.

Bahari ikiwa na mkondo chubwi la mviringo linabiringika na kukurudishia chambo ufukweni, kwa hiyo unahitaji lenye miguu: risasi iliyomiminwa pamoja na nyaya nne zilizokunjwa kama nanga ndogo. Ukiliyeyusha mwenyewe, fanyia nje upepo ukiwa mgongoni, kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni, na kalibu, chombo unachomiminia, iwe kavu kabisa. Tone la maji kwenye risasi iliyoyeyuka linalipuka na kukurukia usoni. Usimiminie kwenye mchanga wa ufukweni hata kama unauona mkavu. Asiyetaka shida hii ajaze mchanga kwenye mfuko wa karatasi wa kilo moja, ule wa sukari, aufunge vizuri kwa uzi wa katani. Unakaa chini muda unaotosha, kisha karatasi inalegea na mchanga unarudi kwao.

Chambo chenyewe kiwe kibichi na chenye mafuta na damu: sehewa, jodari mdogo, vibua watatu waliofungwa pamoja, kipande cha samaki mkunga (ngozi yake ngumu inasumbua kaa), kichwa cha nguru kutoka sokoni. Kizungushie uzi mwembamba mara nyingi mpaka kiwe kigumu, ncha ya ndoana ikiwa nje kabisa. Zamani kulikuwa na wavuvi waliotega papa kwa nyama ya pomboo. Usifikirie jambo hilo, wala kasa. Sheria imekataa, na kichwa cha nguru kinafanya kazi ile ile.

Njia ya kwanza: ngalawa

Kama una jirani mwenye ngalawa au mtumbwi, hakuna ubishi, hii ndiyo njia. Inakwenda siku yoyote ambayo bahari imetulia, na unajua chambo kimelala wapi. Mnahitaji watu wawili majini na mmoja mchangani.

Chambo na waya vikae kwenye ndoo, ndoana ikiwa imechomekwa kwenye kipande cha boya au kifuu, na ndoo ikae tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, nyuma ya mpiga kafi. Mshipi utokee tezi moja kwa moja kwenda ufukweni, usipite juu ya mrengu (ule mti wa pembeni unaozuia ngalawa isipinduke) wala katikati ya miguu ya mtu. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloua. Mshipi uliojifunga mguuni hauna hatari mpaka pale mtu wa ufukweni anapokaza.

Mtu wa ufukweni analegeza breki ya rili, kidole gumba juu ya mshipi, fimbo juu. Mshipi utoke kwa wepesi bila kufanya lundo. Ngalawa iende kwa makafi, ikifuata zile alama mbili. Wanaokwenda wapige kafi kidogo upande wa juu wa mkondo, kwa maana mshipi utavutwa ukae tao na chambo kitashuka chini ya mahali kilipoachiwa. Wakifika, mmoja anashusha chubwi kwanza kwa mkono, polepole, mpaka liguse chini, ndipo chambo kifuate. Wakitupa vyote kwa pamoja waya unajisokota kwenye chubwi.

Ishara mkubaliane kabla: tochi mara moja, tumefika, mara mbili, tumeshusha, tunarudi, tochi ikizungushwa, shika kila kitu, kuna tatizo. Sauti msiitegemee, mawimbi yanaimeza. Na mtu wa ufukweni asikaze mpaka ngalawa iwe imerudi au imetoka kabisa upande.

Njia ya pili: kutembea na maji

Hii ni ya uwanda wa Lindi, Mikindani na kwingine ambako bahari ikipwa akina mama wanakwenda kuokota chaza na kutafuta pweza mbali kule. Wao wanatembea mpaka ukingoni, kwa nini chambo chako kisitembee? Maji yakiwa chini kabisa, saa nne asubuhi au saa nne usiku, unatoka na chambo mkononi, mwenzako akilisha mshipi kutoka ufukweni, unakwenda mpaka mdomo wa mfereji, unachomeka chubwi la miguu mchangani kwa mkono wako, unarudi. Halafu mnangoja. Maji yakijaa, chambo kimefunikwa na maji ya pima mbili hivi bila kurusha chochote.

Mambo mawili. Mchana tai na kunguru wataona chambo kikiwa kwenye maji haba, kwa hiyo weka maji yakiwa yameanza kurudi, yakufike kwenye kifundo cha mguu. Na rudi kwa njia uliyoijia, bila kuchelewa. Uwanda hauko sawa. Kuna mabonde karibu na ufukwe yanayojaa kabla ya pale uliposimama, na mtu anajikuta kwenye kisiwa. Usiku vaa viatu vigumu na uburuze miguu badala ya kuinyanyua, samaki aina ya taa wanajifukia mchangani na mwiba wao ni balaa.

Njia ya tatu: nazi na tanga

Njia hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayotumia ile alfajiri niliyoieleza. Kila mtoto wa pwani amewahi kutengeneza kingalawa cha kuchezea, chenye tanga la nailoni, na kukishindanisha na vya wenzake. New Zealand watu wazima wanafanya hivyo hivyo: wana chelezo chenye tanga wanachokiita kontiki, kinavuta mshipi wa ndoana nyingi kutoka ufukweni. Sisi tunahitaji kivute ndoana moja.

Chukua nazi kavu mbili zenye makumbi yake, zile zilizoanguka zenyewe. Zifunge kwenye fito mbili zikae mbalimbali kiasi cha urefu wa mkono. Katikati simamisha ufito mfupi, tanga la kitambaa cha khanga kuukuu, upana wa shubiri tatu. Chini ning'iniza jiwe la ukubwa wa ngumi ili kisipinduke. Kijaribu kwanza kwenye maji ya magotini: kikilalia upande mmoja, sogeza jiwe, kikizunguka, tanga ni kubwa mno.

Chambo na chubwi vinaning'inia chini ya chelezo kwa uzi mwembamba, nusu pima tu. Ukiviacha virefu chubwi litagusa mchanga mita 20 kutoka hapo na safari imeisha. Uzi uwe wa cherehani, uliokunjwa mara mbili au tatu. Fanya majaribio nchi kavu: ubebe chambo ukikitikisa, lakini ukatike kwa mvuto mmoja wa ghafla.

Kwenye chelezo chenyewe funga mshipi wa pili, mwembamba, uliozungushwa kwenye chupa na kushikwa na mwenzako aliyesimama hatua 20 pembeni, upande wa joshi, unakotoka upepo. Huo ndio wa kukirudishia. Wapo wanaotumia puto na kuliacha liende zake, na sikubaliani nao hata kidogo. Fukwe hizi kasa hutaga, na kasa akiona mpira uliopasuka unaoelea anadhani ni kiwavi cha baharini.

Tia majini nyuma ya wimbi, tembea nacho mpaka kiunoni kikamate upepo, kisha toka. Fimbo juu, breki wazi, kidole kikizuia kidogo tu ili mshipi usifanye tumbo kubwa upande wa mkondo. Ukilegeza sana, tumbo la mshipi ndilo litakalokokota chelezo pembeni kuelekea ufukweni tena. Alama za uzi zinapita kidoleni: 50, 100, 150. Ukifika unapotaka funga breki, ngoja mshipi ukaze, kisha chapua fimbo mara moja. Uzi unakatika, chambo kinazama, mwenzako anavuta chelezo.

Kwa mkondo mkali ambapo kuchapua kunang'oa chambo, kuna ujanja wa pipi. Pipi ngumu ya mviringo yenye tundu unaifanya kiungo kati ya chelezo na chambo. Inayeyuka majini, yenyewe inaachia. Weka moja kwenye ndoo ya maji ya bahari nyumbani, uzito wa chambo ukining'inia, utazame saa inachukua dakika ngapi. Kisha nunua za aina ile ile.

Njia ya nne: mtelezo

Wavuvi wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ndio mabingwa wa hii. Unarusha chubwi la miguu peke yake, bila chambo, nalo linafika mbali kama nilivyosema mwanzo. Unakaza mpaka mshipi uwe kama waya wa simu. Kisha chambo, chenye waya wake, unakipachika kwenye mshipi huo kwa klipu maalumu ya mtelezo, inayokubali kwenda chini na kukataa kurudi juu. Kinateleza chenyewe, wimbi kwa wimbi, mpaka kikafike kwenye kizuizi mbele ya chubwi.

Inahitaji mteremko. Ufukwe wenye kina cha ghafla kama Ruvula, au mwamba mrefu unaotokeza baharini, inafanya kazi vizuri. Kwenye uwanda wa Lindi usihangaike.

Nyingine kwa ufupi

Kapi: maji yakiwa yamepwa unafunga nanga yenye kapi (kigurudumu cha kupitishia kamba) kule mbali, kamba moja ndefu inazunguka kwenye kapi na kurudi ufukweni, unapeleka chambo kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba ya mzunguko. Ni kitu cha raha, lakini kamba inayokaa majini inanasa kasa na pangaboi za boti. Ukiifunga, ifungue siku hiyo hiyo.

Tiara ya nailoni hubeba chambo chepesi umande ukiwa na nguvu. Kwa papa mkubwa haitoshi.

Droni inafikisha chambo kwa dakika mbili, sikatai. Inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, haipendi chumvi, na Msimbati kuna visima vya gesi na mpaka wa Msumbiji uko karibu. Ukirusha kitu angani pale bila karatasi, utaeleza mpaka kiza kiingie.

Kuogelea na chambo: hapana.

Chambo kikishalala

Kaza taratibu mpaka uhisi miguu ya chubwi imeng'ata mchanga, kisha weka fimbo wima kwenye bomba lililozama vizuri, breki ikiwa legevu kiasi kwamba papa anaweza kuondoka na mshipi bila kung'oa bomba. Ukiona ncha ya fimbo inainama polepole na kubaki hivyo, ni nyasi za bahari zimejazana kwenye mshipi. Ikitikisika tikitiki ni samaki wadogo wanaodonoa. Papa huanza kwa kutembea nacho. Mshipi unatoka bila haraka, kisha unatoka kwa haraka. Kwa ndoana ya duara usichapue. Kaza breki hatua kwa hatua na iache ndoana ijishike yenyewe.

Usizungushe mshipi mkononi hata sekunde moja. Papa akifika maji ya magotini, mmoja ashike waya akiwa na glavu, mwingine awe na koleo la kukatia tayari. Mbingusi (papa mwenye kichwa kama nyundo), papa upanga (mwenye pua ndefu kama msumeno) na papa yeyote mwenye mimba waachie humo humo majini, ukate waya karibu na mdomo. Papa anazaa watoto wachache na huchukua miaka mingi kukomaa, na hawa wawili wa kwanza wamepungua vibaya. Papa upanga ukimwona siku hizi mwambie ofisa uvuvi, ni habari kubwa.

Kama hakijaguswa, vuta chambo kila baada ya saa moja ukiangalie. Kikirudi cheupe, kimekwisha damu, badilisha. Kikirudi kimetafunwa chini tu, kaa wamekipata kwenye matope: funga kipande cha boya karibu na ndoana kiinuke shubiri mbili kutoka chini. Kikirudi na nyasi kila mara, kimekaa ndani ya nyasi, hakijafika mferejini, ongeza mita 30. Na ikifika saa tatu umande ukiwa umekata na chelezo kinarudi ufukweni kabla ya alama ya 50, kunja mshipi. Osha rili kwa maji baridi na uitundike kivulini.